Vibao vya Vanishi

2 Mei

Kitinda, mdogo wangu,

Usishtuke kupata barua. Ukiongea kwenye simu Mama husikia hata akiwa bafuni, na haya ninayotaka kusema sipendi ayasikie kwanza kwenye spika ya simu yako. Soma, kisha uifiche mahali asipofagia.

Nimeamua Mama aje kukaa kwangu. Tarehe thelathini Agosti nitakuja na gari kumchukua pamoja na vitu vyake. Najua utanuna, lakini fikiria kidogo. Mwaka jana alijikwaa kwenye kizingiti cha jikoni akavunjika kifundo cha mkono, tena ule wa kulia. Mwezi wa pili ukanipigia kunieleza kwamba sufuria imeungua mpaka tako limetoboka, na jirani ndiye aliyeona moshi. Wewe kutwa uko dukani na cherehani yako. Siku moja tutaitwa kwa jambo kubwa kuliko sufuria.

Chumba kiko tayari. Tangu mwanangu aolewe mwezi wa kwanza kimekaa bure. Nimebadilisha mapazia mara mbili, ya kwanza yalikuwa na maua makubwa mno. Nimenunua kitanda kipya na kiti cha kuweka dirishani. Karakana yangu iko hatua chache kutoka nyumbani, nitakuwa namchungulia kila mara. Wala hatachoshwa na ukimya: jioni nikirudi nawasha redio, nyumba nzima inachangamka.

Kazi yako ni moja tu, kumwandaa polepole. Una ulimi mtamu kwa wateja wako, utumie na nyumbani.

Dada yako


9 Mei

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nimeificha ndani ya ile cherehani mbovu, humo Mama hafiki. Sijanuna. Nimenyamaza tu, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu unajua hiyo ni hali mbaya zaidi.

Naomba kitu kimoja kabla ya tarehe yako. Unaikumbuka boti ya Baba? Iko nyuma ya jiko, kifudifudi, tangu daraja lilipojengwa na watu wakaacha kuvushwa. Miaka kumi na moja kuku wametaga chini yake. Mwezi uliopita nilimleta seremala aitazame, nikitegemea aseme ni kuni. Akaigongagonga, akainusa, akasema mbao tatu za chini zimeoza, zilizobaki ni nzima kuliko mimi na yeye. Hizo tatu ameshazibadilisha, na nafasi kati ya mbao ameziziba kwa pamba na lami. Tumeipindua na kuiweka juu ya magogo mawili chini ya paa la bati. Sasa imebaki kukwangua, kupaka rangi nje, halafu kupiga vanishi ndani, kwenye mabao ya kukalia na ukingo wote wa juu, iwe kama enzi zake.

Nataka Mama avuke mto ndani yake siku moja kabla hujamchukua. Basi. Baada ya hapo sitabisha.

Wewe una miaka thelathini kwenye vanishi, mimi najua pindo na kola. Nifundishe kwa barua. Nimekutumia kibao nilichojaribia, kiko kwenye kifurushi hiki hiki cha basi, nimekifunga kwa gazeti. Usicheke.

Mdogo wako, mshonaji


16 Mei

Kitinda,

Nimecheka mpaka fundi viti wa karakana ya jirani akaja kuuliza kulikoni. Kibao chako kimeota manyoya. Kuna nyuzi nyekundu, kuna za bluu, na moja ya dhahabu sijui umeitoa kwenye gauni la nani. Ulikipaka dukani kando ya meza ya kukatia vitambaa, sivyo? Vanishi mbichi hunasa kila kinachopita. Na ile alama ya pembe tatu katikati, usinidanganye, ncha ya pasi naijua. Hakuna fundi aliyewahi kupiga vanishi pasi ili ikauke haraka. Ni mshonaji peke yake anayeweza kuwaza hivyo.

Haya, sikiliza. Kwangua rangi yote ya zamani mpaka uuone mti. Piga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, usikate njia. Vumbi lifagie, kisha pangusa kwa shuka kuukuu iliyofuliwa mpaka ikachoka, ukiilowesha tapentaini kidogo. Mwagia maji ardhini kuzunguka boti ili vumbi litulie. Kopo la vanishi usilitikise kama dawa ya kikohozi, utatia mapovu. Koroga taratibu, mimina kiasi kwenye kikombe. Mpako wa kwanza, sisi mafundi twauita mkono, uwe mwepesi, nusu vanishi nusu tapentaini, mti uinywe. Mikono inayofuata uipake mizito, na kila mkono ukikauka pitisha msasa laini kabla ya mwingine. Fanya asubuhi umande ukishakauka. Jua kali litaitoa malengelenge, na unyevu wa jioni utaifanya iwe na ukungu. Na kila hatua nitumie kibao ulichokipaka siku ile ile, kwa brashi ile ile. Nikikiona kibao nimeiona boti.

Kuhusu Mama kuvuka mto, sawa. Nisingeweza kukataa, kwa sababu unajua kilichonitia kwenye kazi hii. Wewe ulikuwa na miaka mitano Baba alipofariki, hukumbuki. Mimi nakumbuka kila mwaka tukirudi kutoka likizoni kwa Bibi tunamkuta amesimama kando ya boti iliyong'aa mpaka unaona meno yako. Nilikuwa napitisha kidole kwenye ukingo, kuanzia mbele mpaka nyuma, na kidole hakikwami popote. Nilikuwa nafanya hivyo mpaka naitwa kula. Mkono ule sijaufikia mpaka leo.

Ila Mama asiisogelee kazi hiyo. Harufu yake si nzuri kwa mtu wa umri wake, na sitaki nisikie amepanda kistuli. Tarehe thelathini Agosti iko pale pale.

Dada yako


4 Juni

Dada, shikamoo.

Kukwangua kumenichukua wiki mbili. Misuli ya mabega yangu sasa naijua yote kwa majina. Yule mvushaji aliyeikodi boti baada ya Baba alikuwa akiipaka rangi ya kuta, tena rangi yoyote aliyoikuta: pinki ya zahanati, kijivu cha shule, na mahali pengine krimu ambayo nina hakika ni ya ukuta wa polisi. Chini ya yote hayo mti wenyewe ni mwekundu, mzuri sana.

Kibao hiki nimekipaka nje, mbali na vitambaa, na pasi iko kabatini. Nakiri kina kasoro. Imechuruzika pembeni.

Mama anakaa dirishani jikoni anachambua mboga na kunitazama. Nilimuuliza anaonaje, akasema anaona mtu anapaka. Sijaanza kumwandaa. Nitaanza.

Mdogo wako


11 Juni

Kitinda,

Kasoro moja? Kibao kinalia machozi kama kimefiwa. Unachovya brashi yote. Chovya theluthi yake tu, gusisha pembeni mwa kikombe, paka, halafu rudi kwa ncha ya brashi bila kukandamiza, ukitoka pakavu kwenda palipo pabichi, na mwishoni uinyanyue kabla haijasimama. Hilo la kunyanyua ndilo linalotenganisha fundi na mpaka rangi. Huwezi kuliandika, lakini nimejaribu.

Usiseme utaanza kumwandaa. Anza. Jumapili nilikaa kwenye kile kiti cha dirishani nikione kama kinafaa mgongo wa mtu mzima. Kinafaa, maana nilisinzia humo mpaka saa kumi. Nilipoamka nilisahau kwa muda kwamba niko peke yangu, nikaita. Uzee unaanza na mimi kabla ya Mama.

Dada yako


30 Juni

Dada, shikamoo.

Kibao cha tatu hiki hapa. Naona mambo yameanza kukubali.

Nje tayari imepigwa puti ya kuziba matundu na rangi ya chini, na rangi ya juu imeamuliwa iwe kijani kizito na mstari mweupe mmoja. Mimi nilipendekeza njano, haikupita. Mabao ya kukalia yana mikono minne ya vanishi, ukingo una mitatu.

Sina mengi wiki hii. Kuna sare za kwaya zinanisubiri. Mama hajambo, anakula vizuri, analala vizuri, na ule mkono haumsumbui kabisa.

Mdogo wako


8 Julai

Kitinda, mdogo wangu,

Nilipokifungua kifurushi nilidhani umenunua kibao hicho dukani ili unitanie. Nikakipeleka mlangoni kwenye mwanga nikakigeuza kila upande. Hakuna mapovu, hakuna mchirizi, hakuna alama ya brashi ilipoanzia wala ilipoishia. Nikakiweka kando ya kazi yangu ya juzi, meza ya mteja mgumu kuliko wote nilio nao. Nitakwambia ukweli kwa sababu uko mbali na hutaniona uso: kibao chako kinaishinda.

Kuna jambo jingine lililonifanya nikae chini. Nimepitisha kidole ubavuni. Umevunja kingo. Ile ncha kali ya ubao umeitoa kwa msasa, kidogo sana, kiasi cha kuhisi tu, kwa sababu vanishi hukimbia ncha kali na pale ndipo huanza kubanduka. Hilo sikukuandikia, Kitinda. Ni siri yangu ya kazi, hata mafundi ninaowajua hawaifanyi. Niliipata kwa kidole changu, utotoni, kwenye ukingo wa boti ya Baba.

Huu ni mkono wa Baba. Ningeujua gizani. Nimelia, nakwambia wazi, kwa furaha. Kumbe haukupotea, ulikuwa umelala kwako. Lakini alikufundisha lini? Ulikuwa na miaka mitano.

Sasa nisikie. Nina kazi ya milango ishirini ya hoteli na nimeshamwambia mwenye hoteli kwamba nimepata fundi kunishinda. Njoo. Cherehani ibebe pia, kuna kibaraza kinakutosha. Njoo na Mama, mkae wote. Nyumba ni kubwa, ni kubwa mno.

Dada yako


15 Julai

Dada, shikamoo. Tafadhali soma hii ukiwa umekaa.

Kibao cha tatu sikukipaka mimi. Cha nne kilichomo humu pia si changu. Ni vya Mama.

Ilikuwa hivi. Siku mbili baada ya barua yako ya kibao kinacholia machozi nilikuwa nahangaika na bao la mbele. Mama akatoka jikoni na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma yangu muda mrefu. Kisha akasema, “Unapaka kama mtu anayefukuza nzi. Lete hapa.” Nikampa. Lakini hakupaka. Alichukua msasa kwanza, akapitia kingo zote, bao moja baada ya jingine, huku akinieleza kwamba vanishi inaogopa ncha kali. Ndipo akachovya. Dada, mimi nimekaa na mafundi nguo maisha yangu yote, mkono unaojua kazi nautambua. Ule haukutetemeka hata mara moja. Nilibaki nimeshika kikombe cha chai yake kama mlinzi.

Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema, “Hapa hapa.” Baba hakuwahi kuipiga vanishi boti ile. Ilikuwa inamtoa vipele mpaka machoni. Kila mwaka sisi tukiwa kwa Bibi, Mama ndiye aliyeikwangua na kuipaka, na tukirudi Baba ndiye tuliyemkuta amesimama kando yake. Hayo ndiyo yote aliyoniambia, na alinena kama mtu anayeeleza bei ya nyanya.

Nilikuficha kwa sababu ulikataza asisogee. Baadaye nikaendelea kukuficha kwa makusudi. Kwenye kazi wewe huna huruma na mtu, na nilitaka uupime mkono wake bila kujua ni wa nani. Ningekuambia ni wake, ungeona kifundo kilichovunjika tu.

Na la pili. Sufuria niliiunguza mimi. Mama alikwenda kukaa kwa jirani akaniachia niitazame, mimi nikazama kwenye koti la bwana harusi nililolileta nyumbani kumalizia. Nilipokupigia nikasema sufuria imeungua, ukauliza kama Mama alisahau, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kulikokununulisha kitanda. Nimeona haya miezi mitano.

La mwisho, halafu unitukane. Barua zako zote amezisoma. Alizikuta ndani ya cherehani mbovu. Hakuniambia lolote ila nizikunje vizuri, karatasi isivunjike.

Mdogo wako, mshonaji na si fundi vanishi


6 Agosti

Mama, shikamoo.

Wiki tatu sijaandika. Kitinda atakuwa amekwambia nimekasirika, na ni kweli nilikasirika. Mwambie nimemaliza, ila milango ishirini ya hoteli itabidi niipake peke yangu na kila mlango nitamkumbuka.

Kibao cha nne kiko mbele yangu ninapoandika. Nimekiweka kwenye rafu karakanani, na kila anayeingia anauliza ni kazi ya nani. Siku za kwanza nilikuwa najibu ni ya ndugu yangu, kwa mazoea. Juzi nilisema ni ya mama yangu. Ulimi ulikuwa mzito, si kwa aibu, ni kwamba miaka thelathini nimewaambia watu nilijifunza kwa baba yangu. Nimewaambia wateja, nimemwambia marehemu mume wangu, nimemwambia mwanangu akiwa mdogo kama hadithi ya kumlalisha. Na wewe ulikuwa unanisikia. Mara ngapi nimekaa jikoni kwako nikausifu mkono wa Baba, nawe unanimiminia chai? Kwa nini hukusema?

Sikuulizi kwa ugomvi. Nauliza kwa sababu nimejiona mjinga, na zaidi kwa sababu nimekupita kila siku nikitafuta kitu ambacho ulikuwa nacho wewe.

Hata hivyo, Mama, mkono mzuri haukiondoi kizingiti. Bado uko peke yako mchana kutwa. Sufuria nimeifuta kwenye hesabu, lile la kuanguka siwezi kulifuta. Gari nimeliagiza kwa tarehe thelathini. Chumba kina mwanga wa asubuhi, na nimekupangia rafu mbili. Naomba usinikatalie.

Mwanao


14 Agosti

Mwanangu, marahaba.

Naandika mwenyewe, kwa mkono huo huo uliovunjika, ili uone mistari imenyooka. Kitinda alitaka aniandikie nikakataa. Yule akiandika anatia nakshi.

Umeuliza kwa nini sikusema. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu baba yenu alijaribu kuipaka mwenyewe, akavimba uso akalala siku nne. Mwaka wa pili nikashika brashi mimi. Abiria wakawa wanamsifu, naye hakujua aseme nini, akawa anaitikia. Mwanzoni iliniudhi, nisikufiche. Nilimwambia. Kesho yake akaanza kumweleza kila anayepanda kwamba ni kazi ya mke wake, na wote wakadhani anatania, wakacheka. Alirudi nyumbani amenyong'onyea kuliko mimi. Tukaiacha hivyo. Mimi nilikuwa najua, yeye alikuwa anajua, na boti ilikuwa haivuji.

Siku uliyosema utakuwa fundi kama baba yako nilikuwa jikoni na nilisikia. Alikuwa ameshaanza kuumwa, boti ameiegesha, anajiona hana faida kwa mtu. Uso uliomtokea siku ile sikutaka kumnyang'anya. Alipofariki nikaona ndiyo basi, nimnyang'anye vipi maiti. Na wewe ulikuwa unaifanya kazi vizuri. Nilikuwa nagusa kingo za kila kitu ulichokipaka ukija likizo, ulikuwa hujui. Nilikuwa naridhika. Huo mkono unaousifu umekuwa kwako siku zote, sasa ulinipita wapi?

Boti iko majini. Hatukukungoja, vanishi ilikuwa imekauka na siku ilikuwa nzuri. Siku ya kwanza iliingiza maji kidogo, ndivyo mbao zilizokaa kavu zinavyofanya. Ya pili zikavimba zikajifunga zenyewe. Jumatano nikavuka. Kitinda alishika makasia, akapiga maji upande mmoja tukazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, nikamhamisha akae nyuma nikapiga mwenyewe. Nimekwenda mpaka ng'ambo na kurudi. Viganja vinaniuma na nimefurahi sana.

Sasa habari ya kuhama. Ni kweli nasahau. Wiki iliyopita nilitia chumvi mara mbili, na juzi nilitafuta miwani nikiwa nimeivaa. Kizingiti seremala amekikata, sasa ni usawa na sakafu. Mchana jirani anakuja kwangu au mimi naenda kwake, hatupitishi saa mbili bila kuonana. Siku nitakayoshindwa nitasema, mdomo ninao. Kwa sasa sihami. Hapa hata nikisahau kitu, miguu inakumbuka kilipo.

Lakini barua zako nimezisoma zote. Nilizisoma nikitafuta habari zangu, nikakuta zako. Mapazia mara mbili. Kiti ulichosinzia ukaamka ukaita, na hakuna wa kuitika. Redio ya kuchangamsha nyumba. Ukamwita na ndugu yako, eti abebe na cherehani. Mwanangu, chumba hicho hukukitengeneza kwa sababu ya kizingiti changu. Tangu mtoto aondoke hakuna anayekufungulia mlango ukirudi, na hukuwa na namna ya kulisema, ukaona heri unihurumie mimi.

Karakana na wateja wako utajua mwenyewe, sikupangii. Huku pia kuna milango na viti, na ukumbi wa Baba yenu mdogo umebanduka rangi wote. Kitanda chako cha zamani kipo. Ila ukija usiniambie umekuja kunitunza, nitakurudisha stendi. Ukija, sema lililokuleta.

Mama yako


20 Agosti

Mama, shikamoo.

Nimeandika karatasi tano nikazichana. Zote zilikuwa na maelezo.

Nimechoka kuishi peke yangu. Naomba nije nyumbani.

Mwanao